Uvimbe wa kichwa cha kongosho uliosomwa kuwa saratani: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki kimetokana na kazi ya kikao cha pamoja cha madaktari katika hospitali moja ya rufaa nchini Tanzania. Umri wa mgonjwa umetajwa kwa makadirio, majina ya watu, miji na vituo yameondolewa, na tarehe zimegeuzwa kuwa hesabu ya siku kuanzia siku mgonjwa alipofika kwetu. Mwandishi ni daktari wa radiolojia aliyezisoma upya picha za mgonjwa, na sehemu ya makosa yanayoelezwa hapa ni yake.

Usuli wa mgonjwa

Mgonjwa alikuwa mwanamume mwenye umri wa zaidi ya miaka 60, mstaafu, asiyekunywa pombe, ambaye aliwahi kuvuta sigara ujanani na kuacha. Miezi mitatu kabla ya kufika kwetu aligundulika kuwa na kisukari, jambo lililowashangaza jamaa zake kwa kuwa hakuwa mnene wala hakuna aliyekuwa nacho katika ukoo. Baadaye alianza kupungua mwili, akapoteza kilo 7 katika miezi miwili. Macho yakawa ya manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyolala kwenye chupa, choo kikapauka kufikia rangi ya majivu, na usiku hakulala kwa kujikuna. Maumivu ya tumbo yalikuwa madogo, kiasi kwamba yeye mwenyewe hakuyataja mpaka alipoulizwa.

Katika hospitali ya kwanza alifanyiwa ultrasaundi iliyoonyesha mrija wa nyongo umetanuka, kisha akapelekwa kwenye kituo cha vipimo kwa CT-skani. Ripoti ilisema kuna uvimbe wa sentimita 4.2 katika kichwa cha kongosho, unaobana mrija wa nyongo, na kwamba inashukiwa sana kuwa ni saratani. Fomu ya kuombea kipimo, ambayo tuliipata baadaye, ilikuwa na mstari mmoja tu: manjano isiyo na maumivu, je, ni saratani ya kichwa cha kongosho? Swali liliulizwa hivyo, na jibu likaja hivyo hivyo.

Hapa lugha yetu nayo ilichangia. Neno uvimbe kwa Kiswahili hubeba mambo mawili ambayo kwa daktari ni tofauti kabisa: kiungo kuvimba kwa sababu mwili unapambana na ugonjwa au jeraha, na donge jipya linaloota mahali pasipopaswa. Daktari wa zamu aliposema "mzee ana uvimbe kwenye kongosho", familia ilisikia saratani, na kuanzia hapo mazungumzo yote yakawa ya upasuaji na gharama zake. Walikuwa wamekwisha kupata mnunuzi wa kiwanja.

Mfuatano wa matukio

Siku ya 1, binti wa mgonjwa alikuja na bahasha ya kaki yenye filamu mbili. Kila filamu ilikuwa na picha 20, kila picha ikiwa kubwa kidogo kuliko kiberiti, zilizochaguliwa na kituo kutoka katika mamia ya vipande vilivyopigwa. CD yenye picha zote ilikuwa imebaki huko. Vipimo vya damu vilionyesha bilirubini, rangi ya nyongo inayoleta manjano, ya maikromoli 214 kwa lita, wakati kiwango cha kawaida hakizidi takriban 21, na CA 19-9, kiashiria cha damu ambacho mara nyingi hupanda kwa wenye saratani ya kongosho, ya uniti 186 kwa mililita, ambayo kikomo chake ni 37. Namba hizi mbili, zikiwekwa karibu na ripoti ya CT, zilifanya kila mtu atikise kichwa.

Siku ya 3 kikao kilikaa. Madaktari wa upasuaji waliona kwamba ateri na vena kubwa zilizo nyuma ya kongosho hazijazingirwa, hivyo upasuaji wa Whipple, ambao huondoa kichwa cha kongosho pamoja na duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba), kibofu cha nyongo na sehemu ya mrija wa nyongo, ungewezekana. Mimi nilisema filamu zile hazitoshi kuamulia jambo kubwa namna hii, na hilo lilikuwa sahihi. Kisha nikashauri tusubiri CD kabla ya kurudia CT, ili kumpunguzia mgonjwa mionzi na gharama. Ushauri huo wa pili ulitugharimu.

Siku ya 5 mgonjwa alipata homa ya nyuzi 38.4 na kutetemeka. Nyongo iliyoziba ikipata vimelea haisubiri kikao. Alianzishiwa antibayotiki, na siku hiyo hiyo akawekewa stenti, yaani kijibomba cha plastiki cha kuufungua mrija wa nyongo, kwa njia ya endoskopia (mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni). Homa ilishuka, na muwasho ukapungua baada ya siku chache.

CD ilifika siku ya 7. Niliifungua jioni na kuzipitisha picha moja baada ya nyingine kutoka juu kwenda chini, nikitafuta kitu kimoja: mrija mkuu wa kongosho. Saratani ya kichwa cha kongosho kwa kawaida huota kwenye mrija huo au kuubana, na kama bomba lililokanyagwa, sehemu iliyo nyuma ya kizuizi hutanuka, huku mwili na mkia wa kongosho vikisinyaa kwa kukosa njia ya kutolea majimaji yake. Mrija huo ukiwa umetanuka pamoja na ule wa nyongo, daktari wa radiolojia huwa na sababu nzito ya kushuku saratani. Hapa mrija wa kongosho haukutanuka. Kwa kweli, kwa sehemu kubwa haukuonekana kabisa. Na mkia haukusinyaa; ulikuwa mnene.

Kongosho la mtu mzima mwenye afya lina kingo zenye vinundu vidogo, kama hindi lenye punje zake. Hili lilikuwa limenyooka kingo zote mbili kutoka kichwani hadi mkiani, limejaa na laini kama muhogo uliomenywa. Vitabu hulifananisha na soseji. Ripoti ya kwanza ilikuwa imepima sehemu iliyo nene kuliko zote, yaani kichwa, ikaiita donge, na haikusema neno lolote kuhusu mrija wala kuhusu mkia.

CT hiyo ya kwanza ilikuwa na kasoro nyingine. Ilipigwa awamu moja tu, takriban sekunde 70 baada ya dawa ya kontrasti kuanza kuingizwa mshipani, kwa vipande vyenye unene wa milimita 5. Huo ni wakati mzuri wa kuangalia ini. Kongosho hung'aa zaidi mapema, kati ya sekunde 35 na 45, na hapo ndipo saratani, ambayo imejaa nyuzi na ina damu kidogo, huonekana kama kivuli cheusi katikati ya nyama inayong'aa. Ukichelewa, tofauti hiyo hufifia. Kwa hiyo siku ya 9 tulirudia CT kwa vipande vyembamba na kwa awamu mbili, ya kongosho na ya vena ya ini, tukaongeza na picha za kuchelewa za dakika kadhaa baadaye.

Katika awamu ya kwanza kongosho lote lilikuwa limefifia, si kichwa peke yake. Katika awamu zilizofuata lilizidi kung'aa taratibu na kwa usawa. Kuzunguka mwili na mkia kulikuwa na utando mwembamba mweusi, kama ganda, uliotenganisha kongosho na mafuta yanayolizunguka. Katika figo zote mbili kulikuwa na mabaka madogo yasiyong'aa sawasawa, ambayo katika ripoti ya kwanza yaliitwa makovu ya maambukizi ya zamani. Sehemu ya kichwa cha kongosho, ambayo ndiyo iliyobishaniwa, haikusomeka vizuri: stenti iliacha mistari yake, na mafuta ya pembeni yalikuwa yamevurugika, pengine kwa sababu ya endoskopia ya siku nne nyuma.

Siku ya 10 nilikwenda wodini, jambo ambalo sisi wa radiolojia hatulifanyi vya kutosha. Nilimwamkia mzee, nikamweleza kwamba nimeona picha zake na nina maswali. Nilipomuuliza kama kuna mahali pengine palipovimba, alikataa. Binti yake ndiye aliyesema, "Samahani daktari, baba amepungua mwili mzima, lakini hapa chini ya taya amejaa. Sisi tulidhani ni uzee." Alitoa simu akanionyesha picha ya harusi ya mwaka uliotangulia. Ukiiweka simu karibu na uso wa mzee, tofauti ilikuwa dhahiri: tezi za mate chini ya taya zilikuwa zimejaa pande zote mbili, ngumu kidogo, zisizouma. Hakuna aliyeziandika popote katika faili.

Siku ya 11 MRI yenye picha za mirija ilionyesha mrija wa kongosho ukiwa mwembamba kwa urefu mkubwa, ukipita ndani ya uvimbe bila kukatwa ghafla na bila kutanuka nyuma yake. Siku ya 12 damu ilipelekwa maabara ya nje kwa kipimo cha IgG4, aina mojawapo ya protini za kinga ya mwili, na siku ya 18 mgonjwa alisafirishwa hadi kituo chenye ultrasaundi ya ndani kwa njia ya endoskopia, ambako alichukuliwa kinyama kwa sindano mara mbili. Jibu la patholojia halikuonyesha seli za saratani. Kulikuwa na seli za kinga nyingi, lakini sampuli ilikuwa ndogo mno kutoa jina la ugonjwa. IgG4 ilirudi siku ya 24 ikiwa gramu 4.1 kwa lita, dhidi ya kikomo cha 1.35.

Maamuzi na sababu zake

Kufikia siku ya 25 dhana iliyokuwa na nguvu ni kwamba kinga ya mwili wa mgonjwa ilikuwa ikilishambulia kongosho lake, katika ule ugonjwa unaoambatana na kuongezeka kwa IgG4, uitwao kwa Kiingereza autoimmune pancreatitis. Ni ugonjwa uliopata jina lake huko Japani mwaka 1995, na uhusiano wake na IgG4 ukaelezwa huko huko mwaka 2001, kwa hiyo madaktari wengi wa umri wangu hawakuusoma chuoni. Hupenda wanaume wenye umri mkubwa, huleta manjano na kisukari kipya, na hugusa pia tezi za mate, figo na mirija ya nyongo. Na huitikia steroidi, dawa za kutuliza kinga ya mwili, kwa kasi, jambo ambalo saratani haifanyi.

Hata hivyo dhana si uthibitisho. Daktari mmoja wa upasuaji alisema waziwazi kwamba sindano ikikosa saratani haina maana kwamba saratani haipo, na alikuwa na haki. Hata IgG4 haijitoshelezi: utafiti wa Mayo Clinic ya Marekani uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba takriban wagonjwa 10 kati ya 100 wa saratani ya kongosho nao huwa na kiwango kilichopita kikomo, ingawa ni 1 tu hivi kati ya 100 anayepita maradufu ya kikomo. Mgonjwa wetu alikuwa mara tatu. CA 19-9 nayo ilipimwa tena kabla ya dawa yoyote ya kutuliza kinga, ikawa imeshuka kutoka 186 hadi 61 kwa sababu tu nyongo ilikuwa imefunguliwa njia. Kumbe namba iliyotutisha siku ya 1 ilikuwa, kwa sehemu kubwa, ikipima kuziba kwa nyongo.

Swali la pili lilikuwa kifua kikuu. Katika mazingira yetu kongosho lililovimba bila kutanua mrija linaweza kuwa ni kifua kikuu au limfoma (saratani ya matezi), kwa kuwa nayo mara nyingi huuacha mrija ulivyo. Steroidi zingekichochea kifua kikuu, na zingeificha limfoma kwa kuifanya isinyae kwa muda, tukadhani tumepata jibu. Picha hazikuonyesha matezi yenye kitovu kilichooza wala maji tumboni, eksirei ya kifua ilikuwa safi, mgonjwa hakuwa na VVU, na kinyama hakikuwa na dalili za kifua kikuu. Alipimwa pia homa ya ini aina ya B, na akapewa ivermektini kwa ajili ya minyoo inayoweza kusambaa mwilini mtu akianza steroidi.

Tukaamua kumpa prednisoloni, ambayo ni steroidi, miligramu 40 kwa siku, kwa masharti yaliyoandikwa kwenye faili. CT ingerudiwa baada ya siku 14. Kama kongosho halijapungua waziwazi, dawa ingesimamishwa na mgonjwa angepelekwa kwenye upasuaji, ambao nafasi yake haikufutwa. Familia ilielezwa yote hayo, pamoja na ukweli kwamba hatuna uhakika kamili. Kaka wa mgonjwa aliuliza kwa nini tusikate tu tukamaliza. Daktari wa upasuaji alimjibu kwamba akikata na kukuta hakuna saratani, hawezi kurudisha alichokitoa.

Matokeo

Dawa ilianza siku ya 26. Sukari ilipanda ndani ya siku tatu na ikabidi mgonjwa aanze insulini. Lakini hamu ya kula ilirudi katika juma la kwanza, na tezi za chini ya taya zikapungua hata kabla ya CT. Siku ya 40 CT ilionyesha kongosho limekonda kwa kiasi kikubwa, utando mweusi umetoweka, punje za kingo zimeanza kurudi, na mrija mkuu unaonekana ukiwa na upana wa milimita 2. Baada ya majuma manne dozi ilianza kupunguzwa kwa miligramu 5 kila juma. Stenti iliondolewa, na bilirubini ikabaki kawaida. Kiwanja hakikuuzwa.

Takriban miezi mitano baada ya kumaliza dawa, mgonjwa alirudi na manjano. Safari hii kongosho lilikuwa tulivu, ila mirija ya nyongo ndani ya ini ilikuwa imebanwa sehemu kadhaa. Ugonjwa huu kurudi si jambo la ajabu. Alianzishiwa tena prednisoloni pamoja na azathioprini, dawa nyingine ya kutuliza kinga, na ameitikia. Kisukari hakijaondoka.

Uchambuzi

Kilichomwokoa mgonjwa huyu na kisu si mashine bora. CD ya kwanza, pamoja na udhaifu wake wote, ilikuwa tayari na dalili mbili zenye uzito kuliko zote, yaani mrija usiotanuka na mkia usiosinyaa. Zilikosekana kwa sababu ripoti ilijibu swali la fomu na kuishia hapo. Tangu kisa hiki, katika idara yetu ripoti yoyote inayotaja uvimbe wa kongosho ni lazima iseme upana wa mrija mkuu kwa milimita, hali ya kongosho nyuma ya uvimbe, na hali ya figo. Mrija wa kawaida unatajwa kuwa ni wa kawaida. Ukimya hauhesabiki kuwa jibu. Fomu ya kuombea kipimo nayo imeongezewa nafasi ya kuandika kisukari kipya na uvimbe mahali pengine mwilini, ingawa lazima nikiri kwamba nusu ya fomu bado zinakuja na nafasi hizo zikiwa tupu.

Kosa langu la kusubiri CD linahitaji kusemwa bila kulipamba. Kati ya siku ya 1 na ya 5 tulikuwa na muda wa kupiga CT sahihi kabla ya stenti kuingia. Kuokoa mionzi ya kipimo kimoja kwa mgonjwa wa umri ule, aliyekuwa akielekea kwenye upasuaji mkubwa, hakukuwa na uzito wa kulinganishwa na kupoteza picha safi ya kichwa cha kongosho. Tulipona kwa bahati, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umeenea kongosho lote, na mwili na mkia vilibaki vinasomeka. Ungekuwa umejifungia kichwani peke yake, kama unavyofanya kwa baadhi ya wagonjwa, CT ya siku ya 9 isingetuambia kitu, na nadhani kikao kingeamua kukata. Wala nisingewalaumu.

MRI ilisaidia kwa picha za mirija, lakini zile za kupima mwendo wa maji ndani ya nyama, ambazo baadhi ya wenzangu walizitegemea sana, hazikututoa popote, kwa sababu saratani na ugonjwa huu wote huweza kung'aa katika picha hizo. Zilitufanya tubishane nusu saa.

Lililofanya kazi vizuri kuliko yote, kwa maoni yangu, ni masharti ya siku 14. Jaribio la steroidi lisilo na mwisho ni hatari, kwani mwenye saratani naye hujisikia nafuu akipewa prednisoloni: hula, hupata nguvu, na familia hufurahi huku donge likikua. Kipimo cha mafanikio kilikuwa picha, si hali ya mgonjwa, na kiliandikwa kabla ya kidonge cha kwanza.

Jambo moja hatukulikamilisha. Mgonjwa aliporudi na manjano alipokelewa usiku katika hospitali ya karibu na kwake, akiwa na bahasha ile ile ya kaki. Daktari wa zamu aliifungua, akasoma ripoti ya kwanza, ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameisahihisha wala kuiambatanisha na nyingine, akaiambia familia kwamba saratani imesambaa. Walikaa siku mbili na habari hiyo kabla ya kutupigia simu. Ripoti ya marekebisho niliiandika asubuhi iliyofuata, nikampa binti yake nakala mbili, na moja tukaibana kwa pini juu ya ile ya zamani.